Shimo la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofikisha miaka miwili bila kusimama, bibi alichimba shimo karibu na zizi. Kila asubuhi tulimwingiza humo na kumfukia mpaka kiunoni, ili ardhi ikaze miguu yake. Mimi ndiye niliyemshika makwapani. Mwanzoni alicheka. Baadaye kichwa kilikuwa kinalala mkononi mwangu, macho yakichezacheza bila kutulia.

Tukapewa rufaa ya hospitali kubwa. Mama anajua Kikurya tu, kwa hiyo niliongea kwa niaba yake, mimi niliyemaliza darasa la saba bila kunyoosha kidole.

Daktari alitazama kucha za miguu ya mtoto. "Udongo huu wa wapi?"

Nilitazama chini. Mama pia alitazama chini. Swali hilo alilielewa bila mimi.

Daktari hakutugombeza. Alisema miguu haina kosa. Ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva, na neva hutakiwa kuvikwa utando wa mafuta ili habari ifike upesi. Seli za kuzivika hazizaliwi zikiijua kazi hiyo. Seli jirani huziambia: ongezekeni, sogeeni hapa, sasa komaeni, jizungusheni.

"Za mtoto huyu zinaambiwa, lakini hazikomai."

"Kama yowe la kuitana ng'ombe wakiibwa," nilisema, nikaishangaa sauti yangu. "Linapigwa, halafu watu hawatoki."

"Hivyo hivyo, binti."

"Atasimama?"

"Hapana. Mwambie mama. Mwambie pia si kosa lake."

Mama alinigeukia. "Anasemaje?"

Nilimweleza habari za seli, utando na yowe. Nikamwambia si kosa lake. Lile neno moja nililimeza.

Kesho yake, nyumbani Gorong'a, nilimkuta mama na jembe, analipanua shimo.

"Amekua," alisema. "Mlete."

Nilisimama na mtoto mgongoni. "Mama, daktari alisema hatasimama."

"Alisema lini?"

"Jana. Nilikuficha."

Hakunipiga. Aliketi ukingoni, miguu yake ndani ya shimo, akanyoosha mikono, nikampa mtoto.

Bibi akaja na uji. "Mbona hamjamfukia? Jua linawangoja nyie?"

Niliokota jembe, nikasubiri mama atoe miguu yake nipate kulifukia shimo. Alikaa pale mpaka uji ukapoa.