Nilivyoichezea Dadu ya Wasiokufa

Jamani, kosa ni langu. Si la Saitoti, si la mvua, wala si la yule dereva wa bodaboda. Watu wa hapa Karatu wamelaumu kila kitu isipokuwa mimi, na mimi nikawaacha walaumu!

Mimi ni dereva wa watalii. Mgeni wangu mmoja aliniachia gemu ya kuigiza, ile ya mezani. Kila mchezaji anajitungia mhusika, kiongozi anasimulia hadithi, na jambo la hatari likitokea dadu inaamua. Msimu wa mvua, wageni wakiwa hawapo, niliwafundisha wenzangu, tukawa tunacheza mchana kwenye mgahawa wa mama mmoja karibu na stendi. Kiongozi mimi. Mchumba wangu Theresia alikuwemo, na jamaa yetu Saitoti, mtu wa kijiji cha Arash, mlinzi wa lodge moja hapa mjini.

Wakati huo kila runinga ya Karatu ilikuwa na ile tamthilia ya ukoo wa watu wasiokufa. Theresia akasema, "Tuwaingize na hawa kwenye gemu yetu!"

Kutunga sheria zao nikajipa mimi. Nikashindwa vibaya! Mtu asiyekufa ukimchoma mkuki, anaamka. Ukimtupa korongoni, anaamka. Sasa mchezaji aogope nini? Wenzangu wakaanza kuchezea simu.

Ndipo Saitoti akasema, taratibu kama kawaida yake, "Kaka, tusimtishe kwa kifo. Kwetu mtu akibaki peke yake ni maskini, hata boma lijae ng'ombe. Tumpe watu anaowapenda. Akiuawa, anaamka, lakini arushe dadu. Ikitoka moja, kiongozi ataje mmoja wa wapendwa wake. Huyo ndiye anakufa."

Weee! Gemu ilichangamka siku hiyo! Watu walipigania wapendwa wao wa kutunga kama ndugu wa damu. Mama mwenye mgahawa alikuja kutazama mpaka maandazi yakaungua. Theresia akamgeukia Saitoti, macho yanang'aa. "Hivi umewezaje kuwaza kitu kama hicho?"

Mimi hajawahi kuniuliza hivyo hata siku moja.

Niliungua ndani kwa ndani, ndugu zangu! Gemu nimeileta mimi, huyu nimemfundisha mimi, halafu sasa ni "Saitoti umeona?", "Saitoti tufanyeje?" Theresia hata nikiwa naye barabarani ananisimulia maneno ya Saitoti. Nacheka naye, huku nahesabu amemtaja mara ngapi.

Nikapanga kuiua ile sheria. Nilikwenda gereji ya rafiki yangu, nikatoboa dadu upande wa sita, nikajaza risasi ya kulehemu, nikaziba kwa rangi nyeusi. Uzito ukikaa chini, moja inakaa juu. Nilitaka wapendwa wafe ovyo mpaka wachezaji waichukie sheria yenyewe na aliyeitunga.

Theresia alikuwa amemweka mama yake mzazi kati ya wapendwa wa mhusika wake. Na mama huyo alikuwa kweli anaumwa presha huko kwao Endamarariek. Nilijua! Siwezi kusema sikujua.

Mhusika wake akauawa. Akarusha dadu. Moja. Nikamtaja mjomba wa kutunga. Akauawa tena. Moja. Safari hii alikuwa anamtazama Saitoti, anatabasamu, na mimi nikaropoka, "Mama."

Tabasamu likakatika. "Hapana, huyo mbadilishe."

"Sheria ni ya Saitoti," nikamjibu. "Mimi naifuata tu."

Akachukua simu, akampigia mama yake. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Saitoti akamwambia, "Dada, ni mchezo tu, kaa." Hakukaa. Alitoka kwenye mvua, akapanda bodaboda kwenda Endamarariek, na mimi nikabaki nimekaa kwenye kiti!

Pikipiki iliteleza kwenye tope la mteremko. Theresia akavunjika paja. Mama yake wakati huo alikuwa jikoni anapukuchua mahindi, mzima kabisa. Simu ilikuwa imeisha chaji kwa sababu sola haikuona jua.

Kaka zake Theresia wakasema Saitoti ameleta sheria ya mkosi kwenye mchezo. Habari ikafika kwa bosi wake, akasimamishwa kazi. Nilisikia yote. Nilinyamaza.

Halafu Saitoti akaja hospitalini na chupa ya supu. Akainama karibu na kitanda. "Dada, nisamehe. Ningejua, nisingeleta ile sheria." Theresia alilia, na Saitoti akalia. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mfuko wa machungwa, sikusema neno! Kesho yake akarudi kwao Arash.

Nilimwambia Theresia ukweli alipoanza kutembelea magongo. Hakupiga kelele. Alisema, "Mguu utapona. Lakini ulimwacha mtu aniombe msamaha wa kosa lako, na wewe unatazama. Mimi nitaishi vipi na mtu kama wewe?" Uchumba ukaishia hapo.

Kwa kaka zake nilikwenda mwenyewe, na kwa yule bosi pia. Saitoti nikampigia. Nikaeleza yote, hakunikatiza. Mwisho akauliza, "Theresia anaendeleaje?" Nikasema anatembea. Akasema, "Haya," akakata.

Saitoti amesharudi kazini. Wanacheza tena, na kiongozi ni yeye. Nikipita wananisalimia vizuri tu, lakini hakuna anayenivutia kiti.

Wewe unayesoma, kama kuna mwenzako amekuzidi na unaungua, mwambie leo usoni, "Hapa umenizidi." Utaona aibu kidogo, halafu mtakunywa chai pamoja. Mimi nilikwepa aibu hiyo ndogo, na sasa chai nakunywa peke yangu!