Swichi Niliyomfungia Mama Mkwe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyokaa kiti cha mbele cha gari bega kwa bega na mama mkwe wangu. Usicheke. Kwetu Usukumani, enzi hizo hasa, mkwe na mama mkwe walikuwa hawapeani mkono wala hawakai benchi moja. Mlisalimiana kwa mbali, wewe umeinamisha macho, yeye ameangalia pembeni, na hapo heshima ilikuwa imetimia.

Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa imeshatolewa, mwenye chake anaagiza anachotaka. Magari ya Kijapani yaliyotumika yalikuwa yakiingia Mwanza kwa wingi, na kila moja lilikuja na maajabu yake ambayo hakuna fundi wa kwetu aliyeyasomea. Mimi nilikuwa fundi redio pale Ilemela, kijana wa miaka ishirini na sita, na sikuwa na mshindani. Sijisifu, nasema kweli: redio iliyonishinda mimi ilikuwa ya kufugia kuku.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Veronika, na mama yake alikuwa akiishi Buswelu, nyumba chache sana kipindi hicho, mawe na mihogo tu. Alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka thelathini ya kusimama wodini ilikuwa imemla goti la kulia, lakini hakukubali kukaa ndani. Alinunua gari dogo jeupe, akawa anapeleka dagaa na samaki wakavu Shinyanga, anaendesha mwenyewe. Watu walikuwa wanatoka nje kumwangalia.

Gari lile lilikuwa na kifaa cha kushika mwendo. Ukishafika kasi unayoitaka, unasukuma chini kijiti kifupi kilichochomoza kwenye usukani, unatoa mguu kwenye mafuta, na gari linaendelea kwenda kwa mwendo uleule. Ukikiinua kijiti, linaongeza. Ukikivuta kwako, linakata, unarudi kuendesha kwa mguu. Wengine wangeona ni mchezo wa matajiri. Kwa mama yule ilikuwa nafuu ya goti, na goti lile ndilo lililokuwa linalisha nyumba. Sasa alikuwa na tabia ya kutundika mkoba wake kwenye kile kijiti. Siku moja kikakatika.

Veronika alikuja kuniambia. Nikajibu kabla hajamaliza, "Mwambie mama asihangaike na mafundi wa mjini. Nakuja Jumamosi."

Nilipata swichi kwa wauza vipuri vya mitumba. Haikuwa ya gari lile, ilikuwa ya gari la jamii yake, ila kijiti kilifanana. Nikaenda nayo Buswelu asubuhi. Kazi nilianza vizuri, sina budi kujitetea hapo. Nilifungua betri kwanza, nikalegeza skrubu mbili nyuma ya usukani, nikatoa kifuniko cha honi taratibu, nikaitoa swichi iliyovunjika. Tatizo likaja kwenye soketi: ya swichi mpya haikuingia kwenye ya gari. Nikakata soketi, nikaunga nyaya moja moja kwa risasi ya kuyeyusha, nikazifunga na utepe. Rangi za nyaya hazikulingana. Njano nikaiunga kwa njano, na zilizobaki nikazikadiria. Nilikuwa nimeunga nyaya maelfu maishani, mkono ukajiona unajua.

Nikarudisha betri, nikawasha, taa ndogo ya kifaa kile ikawaka kwenye dashibodi. Nikafurahi kama mtoto.

Lakini taa si kazi, mwanangu. Kifaa kile hakishiki mpaka gari liwe barabarani, linakimbia. Ili kukijaribu ilibidi mtu aendeshe na fundi akae pembeni, na mimi kuendesha nilikuwa sijui. Aliyejua alikuwa mama. Ningekaaje naye garini? Jirani palikuwa na mwalimu Rwegasira, Mhaya mmoja mpole mwenye pikapu. Ningeweza kumwomba. Ila kumwomba ni kusema mbele ya ukweni kwamba sina hakika, na mimi nilishajitangaza.

Mama akatoka na kikapu chake, akasimama mbali kama ilivyo desturi, akauliza akiangalia mihogo:

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Umeijaribu?"

Hapo ingenitosha kusema neno moja tu, bado. Nikainamisha kichwa, kijana mwenye adabu kabisa, nikasema, "Nimeijaribu, mama."

"Mungu akubariki, baba," akasema. Akapakia dagaa wake, akaondoka kwenda Shinyanga.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata saa nzima. Nilikuwa naokota vipande vya nyaya uani, nikaishika ile swichi ya zamani, nikaifungua kwa udadisi tu wa fundi. Ndani, penye kila waya, palikuwa na alama ya mshale wa kuonyesha kijiti kinaelekea wapi. Nikaufuata waya wa kijani wenye mstari mweupe. Ulikuwa waya wa kukata. Mimi nilikuwa nimeuunga mahali pa kuongeza, na wa kuongeza nimeuunga mahali pa kukata. Maana yake, mama yule akivuta kijiti ili gari lipunguze, gari lingeongeza kasi, na mguu wake uko mbali na breki, umenyooshwa kupumzisha goti.

Nikakimbia kwa mwalimu Rwegasira, nikamkuta anapiga pasi shati la kanisani.

"Shikamoo mwalimu, nimemuua mama mkwe."

"Marahaba," akajibu, halafu akaweka pasi chini. "Umemuuaje?"

Nilimweleza tukiwa tayari kwenye pikapu. Hakunigombeza. Aliendesha tu, akitaja majina ya watakatifu kila penye kona. Mimi sikuomba chochote kwa ajili ya uchumba. Niliomba nimkute anapumua.

Tulipita Usagara hatujamwona. Kukaribia Misungwi tukaona watu wamejaa ukingoni mwa barabara, na ndani ya jaruba la mpunga gari jeupe limezama hadi nusu ya magurudumu. Nikaruka kabla pikapu haijasimama.

Mama alikuwa ameketi juu ya kikapu chake, mzima, tope hadi kiunoni, anajikanda goti. Baadaye nilielezwa yaliyotokea. Ng'ombe walikuwa wanavuka mbele. Akavuta kijiti, gari likaruka mbele badala ya kupungua. Akavuta tena, likaongeza tena. Kuuleta mguu ule kwenye breki kulimchukua muda, na ulipofika alichagua mpunga kuliko mchungaji na ng'ombe wake.

Nikasimama mbali. Hata pale, mwanangu, nilisimama mbali na kuinamisha macho!

"Uliijaribu?" akauliza.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama pale pale kwenye tope. "Sikuijaribu, mama. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Ingebidi tukae wote garini."

Aliacha kulikanda goti. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaniangalia usoni.

"Kwa hiyo uliogopa kukaa na mimi, hukuogopa kunizika?"

Mwalimu Rwegasira akageuka akaangalia mpunga. Mimi nililia, na sikuona aibu kulia. Yule mchungaji alileta ng'ombe wanne wa jembe wakalivuta gari mpaka kwenye lami. Nikafungua betri, nikafungua usukani mbele ya umati ule wote, nikabadilisha nyaya mbili na kuzisokota kwa mkono. Nilipomaliza nikashuka na kusogea pembeni. Mama akaingia, akawasha, akafungua mlango wa upande wa pili kutokea ndani.

"Ingia."

"Mama, desturi..."

"Desturi naijua mimi kuliko wewe. Ingia."

Nikaingia. Tulikimbia kwenye lami, akasukuma kijiti, akatoa mguu, gari likashika. Akakivuta. Gari likalegea taratibu, kama ng'ombe anayeona zizi. Akarudia mara tatu. Ya nne akaniambia nikivute mimi. Nikakivuta.

"Sasa umeijaribu," akasema.

Aligeuza, akanishusha penye pikapu, akaendelea na safari yake ya Shinyanga na dagaa wake. Jumapili nilipokwenda kumpa pole alinipokea kwa mbali, ameangalia pembeni, na mimi macho chini, kana kwamba hatujawahi kuonana. Veronika nilimwoa baada ya mavuno.

Wazee husema heshima si utumwa. Mimi nilikuwa nimeigeuza pazia. Hakuna mila iliyonikataza kusema bado. Mila ilinikataza kiti tu, na pembeni alikuwepo mwalimu mwenye leseni. Kilichoninyima ukweli kilikuwa kiburi changu, kimevaa nguo ya adabu. Mficha uchi hazai.

Kwa hiyo wewe unayefunga vitu vya watu, iwe swichi, iwe bomba, iwe sindano ya mgonjwa, nisikilize. Ujuzi unao, na ujiamini; sikufundishi woga. Ila usimkabidhi mtu kitu ukasema kimepona kwa kuwa taa imewaka. Kijaribu kinavyotumika, mahali kinapotumika, na ukiona mtu wa kukujaribia yupo, mwite hata kama utaonekana mdogo. Ukiulizwa na hujamaliza, sema bado, hata kama anayeuliza ni mama mkwe.

Nenda kafanye kazi, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka na ulimi usioona haya kusema bado, na kila aliyeondoka na kazi ya mikono yako afike salama aendako.