Milamula Niliyoing'oa

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema, kabla hujanidhania mwema. Na mtu niliyemwonea wivu kuliko wote duniani ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ziwa moja.

Mimi niliachishwa shule darasa la nne, nikapewa jembe. Yeye akaendelea kwa mapadre, akavaa kaptura ya kaki na soksi, akarudi likizo anaongea Kiingereza na kuku. Uhuru ulipokuja, waliosoma wakatafutwa kama senene. Akawa karani mjini Bukoba, akajenga Nshambya huko huko mjini, akaoa mke anayevaa viatu vya kisigino hata kwenye tope. Mimi nikaolewa, sikupata mtoto, mume akachoka nami. Nikarudi kijijini Ijumbi, nikaona haya kurudi kwa baba, nikakaa kwa shangazi yetu, dada wa baba, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mbuzi. Hata mama, baba alipofariki, alihamia Nshambya kulea wajukuu. Ningefanyaje? Wajukuu mimi sina.

Siku ya kuanua matanga ya baba ndiyo iliyoharibu mambo. Ukoo wote ulikaa uani. Wakamvika mdogo wangu vazi la baba, wakampa mkuki wa baba mkononi, wakamkalisha kwenye kigoda cha baba. Kwetu Wahaya mrithi hukalishwa hivyo, na kuanzia hapo yeye ndiye baba wa nyumba. Nilimwangalia yule mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu, sasa watu wananiambia nimpigie magoti. Nikapiga, kwa sababu ni lazima. Kisha baba mdogo akasimama kusoma wosia wa marehemu, nami nikainuka nikaondoka. Wosia wa nini? Mwanamke kwetu harithi kibanja, kila mtu anajua. Nikaenda zangu, na hakuna aliyenifuata.

Kwa asiye wa kwetu, kibanja ndiyo nyumba na migomba yake na kahawa yake na makaburi ya wenyewe, vyote mahali pamoja. Mtu asiye na kibanja huku hana pa kuzikwa. Mimi niliogopa hilo kuliko njaa. Shangazi alikuwa mzee, na siku akifa wanawe wangenitoa kile chumba wamweke mbuzi wa pili.

Kibanja cha baba kikakaa miaka mitatu bila mtu. Mrithi yuko ofisini, anapiga mihuri. Ndipo zikaja siku za Ujamaa zenyewe, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kanisani baada ya misa kwamba mashamba yaliyotelekezwa yatagawiwa watu wenye mikono. Wiki mbili baadaye nikaletewa barua kutoka mjini. Dada mpendwa, likizo sijapata, nakuomba ukisafishe kibanja cha baba kabla kamati ya kijiji haijapita, nitakuja Jumapili moja na baba mdogo tukione.

"Umemsikia?" nikamwambia shangazi. "Yeye arithi, mimi nifyeke!"

"Usiende basi," shangazi akasema.

"Nani amesema siendi?"

Nilikwenda. Mvua za Machi zilikuwa zimeanza, na magugu yanapoonja mvua hayana adabu. Sikuona nyumba mpaka nilipoigusa. Nyasi zilikuwa zimeingia hadi mlangoni, kishona nguo kikanivika miguu yote, migomba imelaliana kama walevi, na mibuni imetoa machipukizi mpaka huoni tunda. Kaburi la baba nililitafuta kwa miguu. Nilipolipata nilikaa chini nikalia, halafu nikakumbuka ni nani aliyepaswa kulitunza, machozi yakakauka yenyewe.

Nikaanzia hapo kaburini. Halafu ua. Halafu migomba, shina kwa shina. Kupogoa migomba kwetu ni kazi ya mwanaume, lakini niliukuta muhoro wa baba umechomekwa darini, kile kisu chake kilichopinda, nikaufunga kwenye mti mrefu nikapogoa mwenyewe. Wapita njia wakasimama.

"Waitu! Siku hizi umekuwa mwanaume?"

"Wanaume wa hapa wameolewa mjini!" nikawajibu, wakaenda wakicheka.

Wiki nne. Asubuhi nalima, mchana nachoma ndizi mbili nakula nimesimama, jioni nakata nyasi huko rweya, mbugani, nazibeba kichwani kuja kutandaza chini ya migomba. Siafu waliniuma, mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Na kadiri kibanja kilivyopendeza ndivyo roho yangu ilivyozidi kuuma. Udongo ule mweusi! Nilikuwa naupiga jembe nawaza, hapa wifi yangu atatembea na visigino vyake. Shina hili nimelifufua mimi, mkungu wake utapanda basi kwenda Nshambya. Kuna siku nilimaliza mstari mzima wa migomba nikausimamia nikitamani kuukata.

Katika wiki ya mwisho nikafika bondeni, upande wa kijito, pale penye udongo mzuri kuliko wote. Nikafyeka, na ndani ya magugu nikakuta milamula. Ile miti miembamba ya majani marefu ambayo kila Mhaya huipanda mpakani, na ikishapandwa mbele ya mashahidi, imekwisha hukumu. Ilikuwa saba, imesimama kwenye mstari kutoka kwenye mfenesi hadi kijitoni, michanga bado, inanifika kiunoni. Zamani haikuwepo. Mtu alikuwa amekikata kibanja cha baba vipande viwili.

Nikakumbuka jambo. Mwaka uliotangulia shangazi aliniambia wifi alikuja na kaka yake, wakashuka bondeni, wakazunguka zunguka wakarudi na mafenesi. Moyo ukanipasuka paa! Kumbe ndivyo! Mrithi ameshamkatia shemeji yake kipande, tena kile kizuri, na mimi ndiye punda wa kukisafisha.

Mawe, mama yangu, hasira ile! Kung'oa mulamula kwetu ni kosa la kuitwa mbele ya ukoo. Najua, nilijua. Niliing'oa yote saba kabla mvua ya mchana haijashuka. Miwili ilikuwa na mizizi ya nguvu, nikaikata kwa panga nikachimbua mashina. Nikaikatakata vipande, nikatupa kwenye moto wa magugu, na kwa sababu ilikuwa mibichi ilitoa moshi tu, nikaukalia moshi huo mpaka ukaisha. Kisha nikalima pale pote, nikatandaza nyasi nzito, hata jicho la mwewe lisingeona tundu. Nilirudi kwa shangazi nikala ugali na samaki kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu niolewe. Shangazi akaniuliza nacheka nini.

Jumapili wakaja, mdogo wangu na baba mdogo, mdogo wake marehemu. Nikawapigia magoti, nikawaamkia kasinge waitu, nikawapa kahawa ya kutafuna. Mdogo wangu akazunguka kibanja polepole, anashika mgomba huu, anashika ule. Kaburini akavua kofia. Akaniambia, "Dada, baba angekuona." Nikamwangalia, macho yake yana maji. Hata kulia analia vizuri kuliko mimi, nikawaza.

Tukashuka bondeni. Mimi nilikuwa nimejiandaa, nimepanga matusi yangu mdomoni moja moja. Alipofika kwenye mfenesi akasimama, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Dada, milamula iko wapi?"

"Milamula gani?" nikasema. "Ya shemeji yako?"

Akanishangaa. "Shemeji gani? Milamula yako."

Baba mdogo ndiye aliyeeleza. Baba, mwezi mmoja kabla hajafa, aliomba ashikwe mkono akashuka bondeni na fimbo yake, akapanda ile milamula mwenyewe mbele yao wawili. Akasema binti yangu amerudi na hana mtoto wa kumfukia, kipande hiki akilime, ajenge, azikwe humo, asifukuzwe na mtu. Ndio wosia uliosomwa siku ya kuanua matanga.

"Ulisomwa mbele ya watu wote," baba mdogo akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa njiani, nakwenda kwa hasira zangu.

"Nilijua ulishaambiwa," mdogo wangu akasema. "Kila mtu alijua. Nilidhani hutaki kuja kwa sababu yangu."

Nikakaa chini kwenye nyasi zangu mwenyewe. Nikasema nimeing'oa mimi, nimeichoma mimi. Baba mdogo akashika kichwa. Shangazi, ambaye naye siku zote alidhani najua, baadaye aliposikia alisema tu hasira ni hasara, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akaendelea kumenya ndizi.

Lakini pale bondeni baba mdogo hakuwa na mzaha. Akakata matawi saba ya mulamula mpakani kwa jirani, akanipa. Aliyeng'oa, akasema, anarudisha kwa mkono wake, mahali pale pale, mashahidi wakiona. Nikayashika. Mdogo wangu amesimama kando, kofia mkononi, hana hata neno baya. Angenitukana! Angeniita mchawi, ningeshukuru. Angeweza kusema mpaka haupo, basi, na nani angembishia? Badala yake ananionea huruma. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu hata huo moyo wake. Shule alipewa, mke, mama, kigoda. Na wema pia awe nao peke yake?

Nikaamua kumpa kitu, japo kimoja katika maisha yangu, kitu asichojua. Nilikumbuka vizuri mstari ulipopita, lakini nikaingia hatua tatu ndani, upande wangu. Nikachimba. Kipande changu kikapungua, chake kikaongezeka.

"Ni hapa?" baba mdogo akauliza.

"Ni hapa."

Nikashindilia la kwanza. Mdogo wangu akaja, akachuchumaa, akalichomoa taratibu. Akahesabu hatua tatu kurudi nje, akalichomeka pale pale ulipokuwa mulamula wa kwanza.

"Baba aliupanda hapa, dada," akasema. "Mimi ndiye niliyemshika mkono."