Mnapokea Nini?

Wako watu wasiolipa kwa sababu hawana, na hao tuwahurumie. Wako wasiolipa kwa sababu ni wezi, na hao wana mahakama yao. Karani wa stoo ya vifaa vya umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Mnapokea, hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Mshahara aliupata, tena kwa wakati wake. Yeye alikuwa mtu wa kuchagua njia ya kulipa, na alichagua kwa makini mpaka muda wa kulipa ukapita.

Ufundi wake wote ulikaa katika swali moja, na aliliuliza akishakunywa, akishanyolewa, akishashonewa kiatu. Kamwe si kabla. "Mnapokea nini?" Akiambiwa noti, yeye ana simu. Akiambiwa simu, yeye ana kadi. Na palipokuwa na mashine ya kadi, alipapasa mifuko na kusikitika kwamba leo ametoka na noti moja tu, ile kubwa kuliko zote, na nani atakuwa na chenji ya noti ile asubuhi yote hii? Noti yenyewe aliionyesha kweli, imekunjwa vizuri, kisha akairudisha kwenye pochi kama mtu anayelaza mtoto. Fundi viatu aliapa kwamba ilikuwa ile ile aliyoonyeshwa mwaka uliopita, maana ilikuwa na doa la wino pembeni.

Kazini alikuwa mhadhiri. Wenzake walipokaa kwenye chumba cha chai, kati ya maboksi ya swichi na nyaya zilizoviringishwa, aliwapimia dunia.

"Noti ni uchafu, jamani. Imepita mikono ya kila mtu, ikilowa imekwisha, ikidondoka haikuiti jina. Simu nayo? Ukituma wanakata, mwenzako akitoa wanakata tena. Kosea tarakimu moja tu, umemlisha mtu usiyemjua, na akizima simu imekula kwako. Kadi ina heshima, sikatai. Lakini kadi inataka mashine, mashine inataka umeme, na benki inataka ada hata ukiwa umelala."

"Sasa bora ni ipi, mchumi wetu?" dereva wa lori alimchokoza.

"Bora ni uaminifu," alijibu, akamalizia chai ambayo hakuwa ameilipia.

Wakacheka, wakagonga meza. Na wenzake hao wasijione wasafi, kwani mpiga porojo halei porojo zake peke yake. Hulishwa na wanaocheka. Kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli tupu ndiko kulikozidisha ubaya. Kupima faida na hasara za kila njia ni busara ya mtu mwenye nyumba. Mnapokea aliiokota busara hiyo akaifanya pazia. Mlinzi wa stoo alipofiwa na mke, ilipitishwa bahasha. Mnapokea akasema bahasha haina kumbukumbu, afadhali namba ya simu. Namba ikaletwa. Akasema makato yatamwonea mfiwa bure, afadhali bahasha. Mlinzi alizika, akarudi langoni pake, na Mnapokea alimpa pole kwa mikono miwili, yote mitupu.

Nyumbani alijiona salama. Mkewe ndiye aliyeshika fedha ya matumizi, na bintiye wa pekee alimheshimu, au ndivyo baba alivyoamini. Msichana yule alipopata mshahara wake wa kwanza alimnunulia baba yake suti ya kijivu. Sasa alikuwa anaolewa, Jumamosi saa nne, kwenye ofisi ya msajili wa ndoa.

"Baba," alimwambia, "nataka uniingize mle ndani umenishika mkono, umevaa ile suti. Nyingine usinijie nayo."

Baba alivimba kwa fahari siku nzima. Kisha akaitazama suti, akaona doa la mchuzi kwenye kola, akaipeleka kwa dobi.

Dobi alikuwa mama wa makamo mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni na ulimi ambao haukuchubuliwa na chochote. Mashati mengi ya Mnapokea yalikuwa yameshatoka kwake kwa ahadi. Ijumaa jioni alipoifuata suti, tumpe haki yake, alikwenda na nia ya kulipa. Noti zilikuwa kwenye mfuko wa shati, za kutosha na kubaki. Lakini mazoea yana taabu. Aliegemea kaunta, na ulimi ukatangulia kichwa.

"Mnapokea nini?"

Dobi hakuinua macho kutoka kwenye pasi. "Leo noti tu, shemeji. Simu ya biashara naianza kesho."

"Loo! Na mimi leo niko kwa simu." Noti zikamchoma kifuani.

"Vizuri sana. Kesho asubuhi utalipa kwa simu. Na ya mashati humo humo."

"Nipe suti tu, bibie. Kesho nakutumia nikiwa huko huko. Harusi ya binti yangu hii!"

"Hongera. Suti italala hapa. Haikoromi, haitanisumbua."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri mashuka yao waliangua kicheko. Mnapokea angeweza kuchomoa noti na kusema, "Kumbe ninazo." Aibu ile ingekuwa ndogo, ya kukaukia hapo hapo mlangoni. Lakini aliiona kubwa kuliko suti. Akaondoka hadi kwa wakala wa pesa za simu, akaziweka noti zote kwenye simu, ili neno lake liwe kweli. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoka jasho kwa ajili ya ukweli. Kwa ajili ya uongo alipanga foleni.

Jumamosi kulikucha bila mtandao. Simu zote mtaani zilizungusha kiduara kile kile, na wakala alikuwa amekaa nje ya kibanda chake akichokonoa meno.

"Nitolee noti tu, kijana wangu. Pesa uliziweka mwenyewe jana!"

"Bosi, niliziweka, nakumbuka. Lakini bila mtandao siwezi kukutolea hata shilingi. Zimo, ila hazitoki."

Mkewe alikuwa ameshatangulia na binti. Mnapokea akakimbilia kwa mama muuza chai wa pale mtaani kuomba akopeshwe. Mama yule alimtazama kama mtu anayesoma tangazo lililochakaa ukutani. "Baba, ya kwako ya miezi yote ile ikiingia, humo humo nitakukopesha." Akakimbilia kwa fundi viatu.

"Lakini una ile noti yako kubwa," fundi alisema huku akibana cheko. "Si uivunje leo?"

Mnapokea alisimama kama aliyepigwa kofi la heri. Noti! Alirudi kwa dobi akihema, na watu wawili watatu wakamfuata, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona noti ile ikitoka kwenye pochi bila kurudi.

"Haya, bibie," alisema, akaiweka juu ya kaunta kwa kidole kimoja. "Najua chenji ni shida, lakini…"

"Chenji ninayo," alisema dobi.

Akaikunjua. Akaigeuza upande wa pili. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaishusha taratibu.

"Shemeji, hii ni ya zamani. Noti hizi benki kuu ilishaziondoa. Redio ilitangaza mpaka ikapoteza sauti, watu wakabadilisha. Wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwapo. Matangazo aliyasikia, hata kazini aliyatolea mhadhara. Ila haikumjia kwamba yanaihusu noti yake, kwa sababu hakuwahi kuifikiria kama pesa. Aliibeba mfukoni kama mwingine abebavyo cheti cha daktari, ikamfia humo humo bila kuikunjua.

Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu aliendelea kusimama, akaanza kueleza kasoro za noti za karatasi. Dobi akachukua shati la mtu mwingine, akaendelea kupiga pasi.

Nguo iliyobaki karibu ilikuwa koti la kazi, la bluu, lenye jina la stoo mgongoni na grisi mkononi. Shati alilovaa lilikuwa limelowa jasho mpaka kiunoni. Alivaa koti juu ya shati hilo, akafika kwenye ngazi za ofisi ya msajili saa nne ikiwa imeshagonga. Bintiye alikuwa amesimama mlangoni na maua yake, ameshaitwa mara mbili. Alimtazama baba yake kuanzia kola hadi viatu.

"Suti iko wapi, baba?"

"Mwanangu, iko kwa dobi. Pesa ninayo, haki ya Mungu, ila hizi njia za malipo za siku hizi…"

"Walikuwa wanapokea nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, bila hasira. Baba alikuwa amedhani swali lile linaishi mtaani na halijui njia ya nyumbani kwake. Mkewe aliinamisha macho, akatazama ncha za viatu vyake, kama mtu aliyejua siku nyingi.

"Twende, mama," alisema binti, akamshika mama yake mkono, wakaingia.

Mnapokea alisimama ukutani nyuma kabisa, karibu na ndoo ya kupigia deki, akashuhudia hadi sahihi ya mwisho. Watu walipotoka kwenda kupiga picha, simu ikamtetemeka kifuani. Mtandao ulikuwa umerudi. Hakungoja. Alifikiri kwamba akikimbia, akavaa, akarudi, ataiwahi hata picha moja. Alilipa pale pale barabarani, kwa namba aliyoiona asubuhi kwenye kaunta ya dobi, suti na mashati yote, na alipofika kwa dobi suti ilikuwa imeshatundikwa mlangoni.

"Imeingia," dobi alisema, akimkabidhi. "Umeona, shemeji? Wala haiumi."

Alirudi mbio na suti mkononi, imening'inia kwenye hanga. Kwenye ngazi za msajili alimkuta mfagiaji peke yake, akizoa maua.