Padri Aliyekwama Katikati ya Wimbo

Padri wetu alitoka Ireland akiwa kijana, akazeekea kwetu Msangano, na Kinamwanga chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Mwaka huu wakubwa wake walimwita arudi kwao akapumzike. Siku ya kumuaga aliomba kitu kimoja tu: atuimbie wimbo wa mama yake, kwa lugha ya kwao ya asili, siyo Kiingereza. Alitueleza kwamba babu yake alichapwa shuleni kwa kuisema lugha hiyo, akavishwa kijiti shingoni. Tuliosoma zamani tulicheka, maana na sisi shuleni tulivishwa kibao kwa kosa hilohilo, la kusema Kinamwanga. Huku hakuwa na wa kuisema naye, na alihofia kuwa wimbo unamtoka kichwani.

Akaanza, macho kayafumba, bila ala yoyote. Sisi wanakwaya tukamwonea huruma. Kwetu mtu mzima haachwi aimbe peke yake kama yatima. Mpiga kinanda akatafuta mdundo, ngoma zikaitika, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikaingia na sauti yangu ya besi. Padri akakatiza wimbo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakukasirika. Alisema wimbo kama ule huimbwa na mmoja, wengine wakisikiliza, ila mtu humshika mwimbaji mkono na kuuzungusha taratibu ili asijione mpweke. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, aliinuka bila kutumwa, akakaa karibu naye, akaushika mkono ule na kuuzungusha kama anayekoroga uji.

Akaimba. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilijikuta nafuta machozi. Katikati akakwama. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mama hakuuachia mkono. Akaanza kuimba polepole wimbo wa Kinamwanga aliotubembelezea sisi wanawe, mkono ukizunguka vilevile, mpaka padri akayakumbuka maneno yake na kuumaliza wimbo wote. Safari hii tulisubiri amalize ndipo tukapiga vigelegele, na nilifurahi kupita kiasi.

Mama akamuuliza, “Na huko kwenu, Padri, ukikwama, yupo wa kukushika mkono?”

“Wapo, mama. Ila huu wimbo wako hawaujui.”

“Basi ujifunze, ukawafundishe.”

Akamwimbisha mstari kwa mstari, bado kamshika. Pilau ya karamu ya kumuaga ikapoa, na hakuna aliyethubutu kuanza kula.