Kipimo cha Shingo ya Fundi

Fundi cherehani huyu wateja walimbatiza Bwana Kesho, na hawakumwonea. Suruali yako ilikuwa kesho, gauni la harusi kesho, mpaka bibi harusi mmoja akaja kulia mlangoni. Mkewe, aliyeshona naye chumba kimoja miaka ishirini na minane, ndiye aliyemalizia viporo na kumeza matusi. Lakini shati la fundi likishakukaa mwilini, ulisamehe yote.

Uvimbe wa shingoni nao aliuambia kesho. Alipokubali kwenda hospitali, ilikuwa saratani iliyokomaa. Wakamchoma mionzi wiki saba, uvimbe ukanywea, kisha ukarudi na jeuri zaidi.

Daktari wa upasuaji, mama mpole asiyezungusha maneno, aliwaita wote wawili.

"Mzee, uvimbe umeushika mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Tutaukata pamoja na uvimbe, halafu pale tuunge kipande cha mshipa wa pajani mwako."

"Kiraka kitoke nguo ileile," fundi akasema, kama anayepokea oda.

"Unaweza kuamka umepooza. Unaweza usiamke. Na hata tukifanikiwa, sikudanganyi, tunakutafutia muda tu."

Mkewe aliijua nguo iliyoungua kwa pasi: kiraka hushika, kinachochanika ni kitambaa cha pembeni. Na shingo ile ilikuwa imeshaungua kwa mionzi. Alimtazama mumewe, akaona naye anawaza hilohilo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kabla ya upasuaji madaktari waliuziba ule mshipa kwa muda, akiwa macho, waone kama ubongo utavumilia. Ili kumpima, muuguzi alimwambia ataje kazi za watu alizozilimbikiza. Akazitaja moja baada ya nyingine.

"Kumbe unazikumbuka?" muuguzi akacheka.

"Kukumbuka nakumbuka, binti yangu. Kumaliza ndiyo shughuli."

Upasuaji ulichukua saa kumi na moja. Aliamka, mkono ukashika, mguu ukacheza. Sauti tu ndiyo iliyokwenda, akabaki kunong'ona. Mkewe alimshukuru kila aliyepita kwenye kibaraza cha hospitali, hata mfagiaji.

Nyumbani fundi alirudi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza maishani akawa anamaliza kazi kabla ya siku yake. Wateja walishangilia. Mkewe hakufurahi hata kidogo; aliona mtu anayefunga duka.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji akaamua kumshonea shati jipya, maana ya zamani yalimpwaya. Akampima mabega na kifua, vyote vimepungua. Akaizungusha tepu shingoni kwa wepesi, asiguse kovu. Shingo ilikuwa imeongezeka inchi nzima. Mtu anayekonda hivyo hanenepi shingo.

Akaandika daftarini kipimo cha zamani. Miaka yote ile hakuwahi kuandika kipimo cha uongo.

"Umeandika ngapi?" mumewe akanong'ona.

"Kumi na tano."

Mumewe aliyaona macho yake yakikwepa.

"Andika ya kweli, mke wangu. Shati lisije likanikaba."

Akafuta, akaandika kumi na sita. Ndipo walipolia, wote wawili, mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani.