Meneja Agoma Kula Majani

Leo shangazi amelala mchana, kiti kimeegemea ukuta, mdomo wazi, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Mwacheni alale. Usingizi ulikuwa umemhama, na aliyemfukuzia usingizi huo ni kobe.

Shangazi ni fundi wa nguo za kike. Marehemu mumewe alimwachia vitu viwili, cherehani na kobe. Kobe tunamwita Meneja kwa sababu kazi yake ni kuzunguka chumba cha kushonea akikagua kazi za wenzake. Akisikia njaa hugonga mguu wa cherehani kwa gamba lake, ko, ko, ko, na shangazi huacha mshono njiani akammenyea ndizi. Wateja wakingoja kupimwa humtupia biskuti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; Meneja akawa mdekaji kunishinda mimi.

Siku moja nikimsugua mgongo kwa mswaki mkuukuu, nilihisi ukingo wa gamba unabonyea. Siku zote nilimwona kobe kama jiwe lenye miguu. Kumbe jiwe nalo hulainika? Tukamtia kapuni, mbio kwa daktari wa mifugo.

"Huyu anakula nini?" daktari akauliza.

"Ndizi," shangazi akasema. "Na kabiskuti."

"Kabiskuti kangapi?"

Shangazi akatazama dirishani.

Daktari hakumung'unya maneno. Meneja apate jua, na ale nyasi, majani ya haibiskasi, hata magugu ya uani. La sivyo gamba litazidi kulainika, na tutampoteza.

Tukamletea majani. Akayanusa, akayakanyaga, akapita. Shangazi akafunga kipande cha ndizi ndani ya jani. Meneja akala ndizi, jani likabaki sakafuni kama gauni lililovuliwa. Tulipoondoa ndizi kabisa, akagoma. Ko, ko, ko kutwa nzima, huku shangazi akijiuma midomo.

"Shangazi, usimpe."

"Nani kakwambia nampa? Namtazama tu."

"Unamtazama na ndizi mkononi."

Akairudisha ndizi mezani, akafuta macho kwa kitambaa cha bitana. "Ataniachia cherehani peke yake huyu," akasema.

Juzi alikuja mteja wetu mmoja, mwalimu, kujaribu gauni lake. Hata hajavua viatu akasema, "Fundi, Meneja wako anatafuna nguo yangu."

Kweli. Pindo jekundu lilikuwa limening'inia kutoka mezani, na Meneja amelikamata hasa. Nilingoja shangazi aombe radhi. Yeye akainama kutazama.

"Na hili la bluu hapa hajaligusa?"

"Fundi, mimi nazungumzia gauni langu."

"Pindo nitakushonea jipya, mwalimu, samahani sana. Lakini hebu mwone, kapita vitambaa vyote kaenda kwenye chekundu." Akanigeukia. "Wewe, kimbia uzioni. Niletee maua mekundu ya haibiskasi, na majani yake."

Niliporudi, shangazi aliweka ua moja sakafuni. Meneja akanyoosha shingo, akafikiri, akalibwakia. La pili shangazi alilikatakata pamoja na majani, vyekundu na vya kijani vimechanganyika, akatumia mkasi wake wa nguo, ule ambao hata karatasi haujawahi kuonja, usije ukawa butu. Meneja akala vyote. Mwalimu naye akawa amechuchumaa kando yangu, gauni kalisahau.

"Kameza jani," akanong'ona.

Shangazi alikaa tu sakafuni, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Leo asubuhi tulimrudisha Meneja kwa daktari. Gamba bado halijakaza, hilo huchukua muda, lakini akila hivi litakaza. Tulipofika nyumbani shangazi akaketi, na usingizi ukamchukua akiwa bado anazungumza.

Nikaunyoosha mkono taratibu kuchukua ule mkasi, nina kazi ya shule ya kukata karatasi.

"Weka chini," akasema, macho kafumba.

"Mbona Meneja umemkatia majani?"

"Meneja ni mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"